NDEGE ISIYOTOKA NYUMBANI: Kabina ya mazoezi na afya ya mwenye kuikalia



Kuna mchezo mmoja unaowashika watu wazima sawa na watoto. Mtu anakusanya mbao, vyuma, kiti cha gari lililokufa na ordinatere (wengine wanasema kompyuta). Anavifunga pamoja katika chumba kimoja cha nyumba, na kisha miezi michache anakaa mbele ya kioo akiongoza ndege au gari la mashindano bila kuvuka mlango. Kitu hicho hapa tutakiita kabina ya mazoezi. Ulaya na Marekani wako wanaojenga pua nzima ya Boeing 737 ndani ya garaji, pamoja na vifungo vyote vya juu ya kichwa. Wengine wanatosheka na usukani, pedali na kiti.

Fundi kijana wa umeme aliniuliza siku moja pale dispensere kama kiti cha namna hiyo kinaweza kuharibu mgongo. Nilimjibu kwa maneno mawili, maana wagonjwa walikuwa wakingoja, lakini ulizo lake linastahili jibu refu. Tena si mgongo tu unaohusika. Kuna macho, kuna mikono, kuna umeme, na kuna jambo moja linaloua watu wakiwa wamelala. Tutalifikia.

Kazi ya mtoto wa fundi wa vinanda

Msidhani jambo hili lilianza kama mchezo. Tangu ndege za kwanza watu walikuwa wakifa katika kujifunza. Kiasi cha mwaka 1910, Wafaransa wa kampuni ya Antoinette walichukua nusu mbili za pipa wakazipanga moja juu ya nyingine. Mwanafunzi alikaa juu, wenzake wakamtikisa kwa mikono, naye alipaswa kurudisha fimbo iliyo mbele yake sawa na mstari wa upeo wa macho. Leo tunacheka, lakini mawazo yalikuwa mazuri: uanguke kutoka katika pipa, usianguke kutoka mawinguni.

Aliyeleta mashini ya kweli ni Mmarekani Edwin Link, aliyezaliwa mwaka 1904. Baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda vikubwa vya upepo mjini Binghamton, jimbo la New York. Link alipenda sana kuruka, lakini masomo ya ndege yalikuwa ya bei kali. Basi kati ya mwaka 1927 na 1929, katika chumba cha chini cha kiwanda cha baba yake, alijenga ndege ndogo ya mbao yenye mabawa mafupi. Mota ya ndege hakuweka. Chini ya mbao alipanga mifuko ya hewa sawa na ile ya vinanda, na pampu ya umeme ya kuvuta hewa. Mwanafunzi akisukuma fimbo, mfuko mmoja unajaa na mwingine unanywea; ndege inalala upande, inainua pua au inaishusha. Fundi yeyote wa atelye yetu angeifahamu kazi ile kwa kuitazama mara moja.

Wanunuzi wa kwanza hawakuwa marubani. Walikuwa wenye viwanja vya starehe, ambako watu walilipa ili watikiswe kidogo na kurudi nyumbani wakicheka. Kisha ukaja mwaka 1934. Mwezi wa pili wa mwaka ule serikali ya Marekani iliwapa marubani wa jeshi kazi ya kupeleka barua. Ilikuwa majira ya baridi. Wengi wao walizoea kuruka mchana huku wakitazama ardhi. Ndani ya ukungu na theluji, usiku, hawakuzoea kuamini vipimo vilivyo mbele yao. Katika miezi michache zaidi ya watu 10 walikufa.

Hapo wakubwa wa jeshi wakamkumbuka Link. Walimngoja katika uwanja wa Newark, na siku hiyo ukungu ulifunga kila kitu, hata wakataka kwenda zao, wakisema hatafika. Link akatua mbele yao. Alikuwa amekuja kwa kusoma vipimo peke yake. Jeshi likanunua mashini 6 kwa dola 3 500 kila moja, na wakati wa vita ya pili ya dunia watu zaidi ya 500 000 walizoezwa katika visanduku vile vya rangi ya buluu. Mwanafunzi alifungiwa chini ya kifuniko asione nje. Mwalimu alikaa mezani, na kalamu yenye magurudumu, waliyoiita «kaa» kwa sababu ya mwendo wake, ilichora juu ya karta njia yote mwanafunzi aliyopita. Mwanafunzi aligonga mlima, akafungua kifuniko, akaona aibu, akaanza tena.

Katika nchi nyingi shofere wa kamyo kubwa za mine wanazoezwa leo kwa namna hiyo hiyo. Frene zinakufa katika mteremko, moto unawaka chini ya mota, na jioni shofere anarudi kwa bibi na watoto wake. Kwa hiyo mtu asimdharau kijana anayejenga kabina. Marekani yuko mwendesha gari William Byron, aliyeanza mashindano katika ordinatere ya nyumbani kabla ya kushika gari la kweli. Mwaka 2024 alishinda mashindano makubwa ya Daytona 500, na mwaka 2025 akashinda tena.

Nyumbani mambo yalifunguka zaidi mwaka 1982, Microsoft ilipotoa programu ya kurusha ndege iliyotengenezwa na Bruce Artwick. Siku hizi ziko nyingi, na mojawapo, FlightGear, haiombi hata franka moja. Feza zinakwenda katika vyombo, na ndiyo maana mafundi wanapenda kujijengea.

Mwili kwanza, mbao baadaye

Kosa la wengi ni kununua kioo kikubwa kwanza, halafu kujenga kabina kukizunguka. Matokeo yake mtu anakunja shingo kwa miaka. Watu wanaotengeneza kabina za ndege za kweli wanaanza mahali pengine: mahali pa macho ya rubani. Wanaweka alama hewani, na vyote vingine vinapimwa kutoka pale. Fanyeni vivyo hivyo. Kaa juu ya kiti karibu na ukuta, mgongo umeegemea vizuri, na mwenzako aweke alama ya kalamu penye jicho lako, penye kiwiko na penye goti. Kisha jenga kabina ya katoni. Ndiyo, katoni za kufungia bidhaa, na utepe wa kubandika. Kaa ndani yake siku tatu au nne. Kila kinachokusumbua, kata na usogeze. Katoni haina bei, lakini tripleksi ya milimetre 18 ikikatwa vibaya imekatwa.

Goti lisinyoke kabisa hata ukikanyaga pedali mpaka mwisho. Libaki limepinda kidogo. Kiti kishike kiuno, pale mgongo unapoingia ndani, na kama hakishiki, weka kitambaa kilichokunjwa. Viwiko vikae karibu na mbavu, na kiganja kiendelee sawa na mkono bila kuvunjika juu wala chini. Kwa ndege zenye fimbo ya pembeni, weka mahali pa kulaza mkono, sivyo bega litalia usiku.

Pedali na kiti vifungwe juu ya fremu moja. Pedali nzuri ya frene haipimi mwendo wa mguu, inapima nguvu yake, na mtu anaweza kuisukuma kwa kilo 50 na zaidi. Ukikaa juu ya kiti cha biro chenye magurudumu, kila frene inakutupa nyuma, na kiuno ndicho kinacholipa. Chuma cha mraba cha milimetre 40 kinatosha vizuri, na kati yetu wapo wanaolehemu kuliko wanavyoandika.

Neno moja juu ya kiti cha gari lililokufa. Ni kiti kizuri, kimetengenezwa kwa ajili ya mgongo wa mtu. Lakini viti vingi vya gari za tangu miaka ya 1990 vina mfuko wa hewa ubavuni, ule unaopasuka wakati wa ajali. Ndani yake mna baruti. Ukiona waya zenye kichwa cha rangi ya manjano chini ya kiti, usizijaribu kwa kipimo, usizitie umeme, usifungue ubavu wa kiti kutazama. Tafuta kiti kingine kisicho na mfuko.

Sasa kioo. Ukingo wake wa juu uwe sawa na macho au chini kidogo, nacho kiwe mbali kiasi cha mkono ulionyooshwa. Hapa kuna hesabu ndogo ambayo wengi hawaifanyi. Kioo chenye upana wa sentimetre 60, kikiwa sentimetre 60 kutoka jichoni, kinafunika nyuzi 53 za macho yako. Kikisogezwa mpaka sentimetre 120, kinabaki nyuzi 28 tu. Programu ina mahali pa kuandika hesabu hiyo. Ukiidanganya, ukaandika nyuzi 90 ili uone mengi, barabara inaonekana ndefu kupita kweli, mwendo unaonekana mkali kupita kweli, na macho yanachoka kutafuta usawa ambao haupo. Usikae gizani kabisa. Taa ndogo nyuma ya kioo inapumzisha macho.

Umeme, na ile hewa isiyonuka

Vifungo vya kabina si kazi ngumu. Kijisahani cha Arduino, kilichozaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, kinasoma vifungo na vipimo vya kuzunguka (vile vya kuongeza na kupunguza sauti ya radio), na aina yake iitwayo Leonardo inajionyesha kwa ordinatere kama fimbo ya mchezo. Vyote hivyo vinakula volti 5. Huko hakuna hatari kwa mtu.

Hatari iko katika sanduku linalogeuza volti 220 za ukutani kuwa volti 12 au 5. Sanduku hilo lisifunguliwe, hata likiwa limetolewa ukutani, maana ndani kuna vyombo vinavyotunza umeme baada ya kuzima. Fremu ya chuma ifungwe kwa waya wa ardhi. Nyaya zisipite chini ya reli za kiti: kiti kinakwenda mbele na nyuma mara mia, ngozi ya waya inakatika, na siku moja fremu nzima ina umeme, na mtu amekaa ndani yake amevaa kaptula, miguu bila viatu juu ya pedali za chuma. Milliamperi 30 kupita kifuani zinatosha kuharibu mwendo wa moyo. Ndiyo maana kuna kikata-umeme cha milliamperi 30. Kiwekwe kabla ya kabina yote. Mtu akishikwa na umeme, usimguse. Kata umeme kwanza, halafu ita msaada, na kama hapumui, anza kumkandamiza kifua katikati bila kungoja gari la hospitali.

Lile jambo nililotaja mwanzo ni hili. Umeme ukikatika katikati ya mchezo, kijana anawasha jenereta ya benzini. Kama ni usiku, au kama anaogopa wezi, anaiwasha ndani: katika varanda iliyofungwa, jikoni, katika garaji iliyoungana na nyumba. Moshi wa jenereta una monoksidi ya kaboni. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, nayo inashika damu kwa nguvu kupita hewa tunayovuta, hata damu inakosa nafasi ya kubeba uzima. Mtu anaumwa kichwa, anachoka, anataka kutapika, anafikiri ni mchezo uliomchosha au malaria inayoanza, anakwenda kulala. Na katika vyumba vingine watoto wamelala tayari. Kufungua dirisha hakutoshi. Jenereta ikae nje, angalau metre 6 kutoka milango na madirisha, na moshi ukielekea mbali na nyumba. Watu wawili wa nyumba moja wakiumwa kichwa saa moja, tokeni wote nje kwanza, halafu mje hospitalini, na mseme wazi kwamba jenereta ilikuwa ikiwaka. Mkilinyamazia neno hilo, mganga anaweza kupoteza saa nzima akitafuta malaria.

Vumbi na risasi

Ninyi mnaotoboa mwamba mnajua kuliko mimi vumbi linavyofanya mapafu. Vumbi la mbao si lile la mwamba, lakini nalo limeandikwa tangu mwaka 1995 na wakala wa dunia wa utafiti wa kansa kati ya vitu vinavyoleta kansa. Mbao zilizogandamizwa kwa gundi zina ubaya zaidi, kwa sababu ya dawa iliyo ndani ya gundi. Kata nje, vaa maski ileile ya kazini, mwagia maji kabla ya kufagia. Mama, ikiwa bwana anakata mbao katika chumba cha kulala cha watoto, mna haki ya kumfukuza uani.

Bati la kulehemu nyaya mara nyingi limechanganywa na risasi. Wengi wanaogopa moshi wake tu. Moshi ule unatoka katika utomvu, nao unaweza kuleta pumu. Upeperushe mbali na uso. Risasi yenyewe haigeuki mvuke kwa joto la chuma cha kulehemu. Inaingia kwa njia nyingine: vidole, kisha sigara au mkate, kisha mdomo. Kwa mtoto mdogo risasi kidogo tu inaharibu akili inayokua. Basi osha mikono kwa sabuni kabla ya kula, na usilehemu juu ya meza ya chakula.

Shofere, hili ni lenu

Kuna mitambo midogo inayofungwa chini ya kiti ili kitetemeke pamoja na mota ya gari la mchezo. Mtetemeko mbaya kwa uti wa mgongo ni ule mzito, wa mara 4 mpaka 8 kwa sekunde, na ndio ambao shofere wa kamyo kubwa anaukalia kutwa. Mitambo ya nyumbani kwa kawaida inatetemeka upesi kuliko hapo na kwa nguvu ndogo. Hata hivyo, mtu aliyetoka kukaa saa nane juu ya kamyo hana sababu ya kukaa saa tatu nyingine. Mgongo wake unataka kutembea. Kwa mtu wa namna hiyo natoa shauri langu wazi: nusu saa, na mtetemeko uzimwe.

Usukani wa siku hizi wenye mota yake una nguvu ya kuvunja kidole gumba. Ulio na newton-metre 20, wenye upana wa sentimetre 30, unavuta ukingoni kama kilo 13 na zaidi. Gari likigonga ukuta katika mchezo, usukani unazunguka kwa ghafula. Gumba likae juu ya ukingo, lisiingizwe ndani. Punguza nguvu kwa nusu kabla ya mtoto kukaa. Na wenye kabina inayoinuka na kulala kwa mota waweke kifungo chekundu cha kusimamisha, karibu na mkono, kama kazini, na wafunge pande zote za chini. Vidole vya mtoto vinapenda kuingia pale mitambo inapofungana. Wakati wa kutengeneza, toa waya ukutani na uweke kichwa chake mfukoni mwako, ili asiwepo mtu wa kukusaidia kuuwasha.

Mwisho, kichefuchefu. Macho yanaona mwendo, masikio ya ndani yanasema tumesimama, na tumbo linashindwa kuamua. Marubani wa jeshi la Marekani waliugua hivyo katika mashini za mazoezi tangu miaka ya 1950, kwa hiyo si ugonjwa wa waoga. Unakuja zaidi kwa mchovu, kwa aliyekunywa pombe na kwa mwenye njaa. Jasho la baridi likitokea usoni, simama pale pale, kujilazimisha kunaongeza. Anza kwa dakika kumi, ongeza kidogo kidogo kila siku. Kwa watu wengine kizunguzungu kinabaki saa kadhaa baada ya kutoka, hata wakidhani kimepita. Kwa sababu hiyo, mwenye posti ya usiku asikalie kabina kabla ya kwenda kazini. Alale. Na aliyeamka na kichwa chepesi aje dispensere kabla ya kupanda kamyo, amwambie pia chef wake wa posti.